Video ilisifiwa, jina lake halikusomwa: nimshukuruje?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Matondoni, kisiwani Lamu, na ndiye katibu wa kikundi chetu cha kijiji. Tuliazimia kutengeneza video ya kuonyesha jinsi jahazi linavyoundwa, tangu kulazwa mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, mpaka kushushwa majini, kwa sababu mafundi wamebaki wachache na vijana wenzangu wengi wanaona afadhali boti ya faiba au pikipiki kuliko kushika tezo ya kuchongea mbao. Pesa hatukuwa nazo. Tulikuwa na simu, kamera ya kuazima na maneno mengi.

Aliyeifanya video hiyo ikawa video ni kijana mmoja mwenye duka la picha za pasipoti na uchapishaji kule Langoni, mjini. Si mwenyeji. Alikuja kutoka bara kutafuta riziki na amekaa sana, lafudhi tu ndiyo bado inamsema. Nilimwendea nikidhani atatuunganishia klipu zetu, nimpe chochote, nirudi zangu. Alizitazama zote, kisha akaanza kuniuliza. Kwa nini taruma hili, huu ubavu wa jahazi, limetafutwa kwenye tawi lililopinda lenyewe na si ubao ulionyooka? Mzee anaangalia nini anapofumba jicho moja? Nami niliyezaliwa hapo hapo karibu na majahazi sikuwa na la kumjibu. Jumapili iliyofuata, siku ambayo hafungui duka, alikuja mwenyewe kwa nauli yake, na Jumapili nyingi baada ya hiyo.

Nikupe mfano mmoja, maana bila huo hutanielewa. Siku tuliyomrekodi mzee wetu akitia kalafati, ile pamba ya mafuta inayopigiliwa katikati ya mbao, upepo wa kaskazi ulikuwa mkali na sauti yote ikaharibika. Rafiki yangu huyo wa duka alirudi alfajiri moja kabla upepo haujaanza. Aliingia chini ya jahazi, akaifunga maikrofoni kwa kitambaa karibu na mkuku, akamwomba mzee apige kama anavyopiga siku zote, asiseme neno. Kwenye video sehemu hiyo haina muziki wala maelezo. Ni nyundo ya mti, mkono wa mzee, na pamba inayozama kidogo kidogo ndani ya ufa. Kamati ilitaka iwekwe sauti yangu nikieleza, na kasida nyuma yake. Yeye alikataa, kwa adabu lakini alikataa, na tulibishana mpaka usiku wa manane. Siku ya kuonyeshwa, hapo ndipo watu walipotulia, hata watoto.

Tuliionyesha katika uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Jina lake lilikuwa mwisho wa video pamoja na mengine. Kabla hayajatokea, mshereheshaji alishika maikrofoni akamkaribisha mgeni rasmi, taa zikawashwa, na majina yakapita kwenye lile shuka jeupe huku watu wameshageuza shingo. Mgeni rasmi akawashukuru wazee, akakishukuru kikundi, akanishukuru mimi kwa jina. Rafiki yangu alikuwa nyuma ameishikilia projekta kwa mikono miwili, kwa sababu meza ilikuwa inayumba. Kisha akakunja nyaya zake.

Baadaye baadhi ya waliotazama walikipa kikundi Sh60,000. Nilipendekeza apewe sehemu. Mweka hazina alisema huyo alikuwa msaidizi wa kompyuta tu, chakula chetu amekula, na mbona hakudai? Mzee mmoja akaongeza kwamba video ni ya Matondoni. Tukianza kumgawia mgeni, kesho atasema ni yake. Mimi ndiye mdogo wao wote.

Mwenyewe nilipomgusia malipo alisema, "Wacha tu, sikuifanya kwa ajili ya pesa." Tunasalimiana vizuri. Lakini tangu usiku ule hajaiweka video hiyo hata kwenye stetasi yake ya WhatsApp, na yeye huweka kila kitu, mpaka paka wa mtaani kwake.

Mama anasema tumpe kofia ya kushonwa kwa mkono, na ameshaanza kutafuta uzi. Mimi naogopa, kwa vile rafiki yangu ni Mkristo, asije akaona tunamvuta kwenye dini. Na kuna hili linalonikosesha usingizi zaidi: kikundi kimepata kazi ya video ya pili, kuhusu wakataji boriti, zile nguzo za mikoko, na jinsi marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 ilivyowagusa. Kila mtu anachukulia kwamba yeye atakuja tu. Nikimshukuru sasa, si ataona namtafutia kazi?

Jambo moja linanifurahisha. Mzee wetu wa kalafati macho yamekuwa mazito, haoni vizuri tena. Mjukuu wake humwekea video kwenye simu naye huisikiliza. Ikifika zile nyundo utamsikia, "Bado hapo. Bado. Ee, hapo imeshika." Anajua kwa mlio pamba ilipojaa.

Nina deni, Shangazi, na sijui linalipwa kwa nini.

Katibu, Matondoni


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu, na nisalimie mama anayetafuta uzi.

Kama nimekuelewa, mtu aliyewafanyia kazi kubwa hakutajwa pale ambapo watu wangemsikia. Pesa zimeingia na wakubwa wako wanaona hazimhusu. Mwenyewe anasema yamekwisha, nawe huamini. Juu ya hayo kuna kazi nyingine inayokuja ambayo bila yeye haiendi. Unaniuliza utamshukuruje. Nitafika huko, ila kwanza vumilia nikuulize mimi.

Huyu kijana aliwasaidia, au alitunga pamoja nanyi? Wewe umemwita rafiki, kamati imemwita msaidizi wa kompyuta. Hebu tazama ulichonisimulia kwa kalamu yako mwenyewe. Aliyeamua kalafati isikike bila neno la mtu ni yeye. Aliyesimama peke yake dhidi ya kamati nzima na kasida yake ni yeye. Msaidizi hufanya alichoambiwa. Huyu alikataa alichoambiwa, na mkapata sehemu bora ya video yenu kwa sababu alikataa. Mtu wa namna hiyo ukimpelekea asante ya msaidizi, hata iwe nene vipi, inaweza kumuuma kuliko kimya, kwa kuwa atasikia ndani yake kwamba na wewe pia unamwona fundi wa nyaya. Sina hakika kwamba ndivyo atakavyosikia. Lakini ni vizuri ujue moyoni mwako unakwenda kumwona nani kabla hujafika Langoni.

Halafu, hilo deni ni la nani? Umeliandika kana kwamba ni lako lote. Sh60,000 ni za kikundi, na jina ambalo halikusomwa Mkunguni lilikuwa juu ya kikundi kulisoma. Lako ni lile la maswali aliyokuuliza na zile Jumapili alizokuja. Nakutahadharisha usiyachanganye, maana najua kishawishi kitakachokujia: utoe kitu mfukoni mwako, ukitie kwenye bahasha, umwambie kimetoka kwa kikundi. Lamu ni kisiwa. Habari itafika kwa mweka hazina kabla ya swala ya Isha, na rafiki yako naye atajua kwamba alipewa kwa siri kile alichonyimwa mbele za watu. Ukitaka kumpa cha kwako mpe, lakini umwambie ni cha kwako.

Tuje kwenye maneno yake, "Wacha tu." Huenda yana maana ile ile yanayosema. Mtu anayeshinda kutwa akikata picha za pasipoti, huenda kazi ile ya jahazi ilikuwa mahali pake pa kupumua, na ukiitia bei utakuwa umeirudisha dukani. Wapo watu hivyo, nami huwaheshimu. Lakini pima na upande wa pili. Mwenyeji akidai haki yake huitwa mkali, basi, yakaisha. Mgeni akidai huambiwa alikuja kwa ajili ya pesa tangu mwanzo. Maneno ya mzee wenu, kwamba tukimgawia kesho atasema ni yake, hayakusemwa mbele yake, lakini aliyeishi ugenini miaka mingi huyajua bila kuambiwa. Kwa hiyo swali la mweka hazina, "mbona hakudai?", mimi ningelipokea kwa uangalifu mkubwa. Huenda hakudai kwa sababu hana nafasi ya kudai.

Kuhusu stetasi, mwanangu, huo ni ushahidi mwepesi. Huenda ameumia. Huenda simu imejaa. Na lipo la tatu ambalo sikuona ukilitaja: je, kuna mtu aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kuiweka? Mmesema kwa nguvu kwamba video ni ya Matondoni. Mwenye adabu akisikia hivyo hushika mbali na mali ya watu mpaka aitwe.

Yote haya, basi, mimi na wewe tunakisia, na anayejua yupo dukani Langoni. Ningetamani umwendee mwenyewe, si kwa simu, jioni wateja wakipungua. Usimuulize kama amekasirika. Swali hilo kwa mtu mstaarabu lina jibu moja tu, utaambiwa hapana na mlango utakuwa umefungwa. Sema ulichokiona: kwamba usiku ule jina lake lilipita watu wakiwa wamegeuka, na kwamba wewe uliona. Kisha nyamaza kidogo. Akibadilisha mazungumzo mwache abadilishe. Huenda akayarudia siku nyingine, na huenda asiyarudie kabisa, nawe itabidi ukae na hilo.

Na umwambie habari za mzee. Katika barua yako yote hakuna mahali uliposema kwamba rafiki yako anajua. Alirudi alfajiri kuitafuta sauti ile, akaikatalia muziki, akaikatalia hata sauti yako. Leo mzee asiyeona vizuri anaitumia kupima kazi ya mkono wake mwenyewe, "bado, bado, imeshika." Wewe umeiandika mwishoni kama nyongeza, mimi nimeisoma nikaweka kalamu chini. Kwa anayefanya kazi za sauti na picha, sijui kama kuna sifa inayolingana na hiyo kutoka kwa fundi wa kalafati. Mpelekee. Mzee akiridhia, mwalike Matondoni akae naye pale mjukuu anapomwekea simu. Bila kamera, tafadhali. Tahadhari yangu ni moja: usiifanye hadithi hiyo iwe badala ya malipo. Ukiisimulia ili kuziba pengo la ile Sh60,000, ataona.

Sasa wazee wako. Nisingependa uwaone wabaya. Tangu mji wa Lamu uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kamera za wageni zimekuwa kama kunguru pale gatini. Mzee anapigwa picha akiwa na tezo, picha inapanda ndege, haioni tena, na pengine inauzwa mahali yeye hapajui. Anayesema "kesho atasema ni yake" huenda anazungumza na wote hao waliopita, si na jirani yenu wa Langoni. Ukimjibu kana kwamba ni mchoyo utampoteza. Ukimkubalia kwamba hofu yake ina asili, kisha ukamuuliza kama huyu aliyebaki, aliyewarudishia video yao yote mkononi, ni wa kundi lile, huenda akakusikiliza.

Mahali pa kumuuliza ni suala jingine. Ukisimama mkutanini, wewe mdogo wao, ukataja kila kitu, unaweza kupata haki yote siku moja na usisikilizwe tena mwaka mzima. Zaidi ya hapo rafiki yako atajikuta amekuwa sababu ya ugomvi ambao hakuuanzisha. Wengine wangeona hiyo ndiyo gharama ya kusema kweli, na siwezi kuwalaumu. Njia ya polepole ni kumwendea mwenyekiti nyumbani kwake, baada ya Isha, kahawa ikiwa mezani. Hatari yake ni kwamba polepole hupenda kuwa kamwe. Kumbuka pia kuwa wewe ndiye katibu. Ajenda unaiandika wewe, na "malipo na majina ya waliotengeneza video" ni mstari unaoweza kukaa kwenye karatasi bila kumtukana mtu.

Kwa vile mzee ametaja umiliki, naye apewe la sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humtambua kuwa mwandishi wa kazi ya picha na sauti yule aliyefanya mipango ya kutengenezwa kwake, kwa hiyo kikundi hakiko uchi. Kumtaja mtu jina hakumhamishii mali. Hakimiliki huhamishwa kwa maandishi. Mkitaka ushahidi zaidi, kazi husajiliwa katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kinachomtia mzee wasiwasi hutibiwa kwa karatasi moja yenye sahihi inayosema nani ana nini, na jina la rafiki yako likiwa ndani yake. Kulificha jina hakumpi mzee ulinzi wowote.

Jina lenyewe linaweza kurekebishwa bado. Wazo la haraka ni kulipandisha mwanzoni mwa video, ila hapo pana kichekesho: kompyuta yenye video ni yake, na huwezi kumwomba mtu ajipandishe mwenyewe. Rahisi zaidi ni mshereheshaji kuyasoma majina yote kabla video haijaanza, mtakapoionyesha tena kijijini au kwingine, watu wakiwa bado wametulia na mgeni rasmi hajashika kitu. Lakini muulize kwanza. Wapo wanaopenda jina litajwe, na wapo ambao ukiwataja hadharani hutamani ardhi iwameze.

Kuhusu kofia, naona umeipa mzigo ambao mama hakuuweka. Anayetoa ni mama kwa mkono wake, kikundi hakimo. Nimewaona wasio Waislamu wakivaa kofia zetu harusini na hakuna aliyefasiri chochote. Hata hivyo hofu yako si ya kupuuza, na dawa yake ni nyepesi, kwa kuwa kofia haishonwi bila kipimo cha kichwa. Mama akimtumia salamu kwamba anataka kumshonea na anaomba kipimo, atakuwa na nafasi ya kukubali au ya kusema kwa heshima kwamba angependelea kitu kingine. Afanye hivyo mapema, maana ni kazi ya miezi.

Imebaki hiyo video ya boriti. Hofu yako hapo naiona ni ya kweli: asante na ombi vikifika pamoja, asante hugeuka bei. Ukisubiri mno nako, kamati itamtumia ujumbe kwamba Jumapili kuna safari ya mikokoni, na mambo yatajirudia kama yalivyokuwa. Ningefikiria kuvitenga kwa siku kadhaa, shukrani ikitangulia, na kazi mpya ije ikiwa imeandikwa: atafanya nini, atalipwa kiasi gani, neno la mwisho la uhariri ni la nani. Hilo la mwisho msiliache wazi, mmeona wenyewe na ile kasida. Na mjiandae kwamba anaweza kukataa kazi yenyewe, akabaki rafiki yako vile vile.

Siku utakayokwenda Langoni, basi, hiyo karatasi ya boriti iache nyumbani. Akikuuliza mwenyewe mna mpango gani, usimfiche: mwambie kazi ipo, na kwamba utakuja siku nyingine kuizungumza pamoja na malipo yake.

Shangazi yako